Chanzo cha Maarifa

Nina miaka arobaini na mmoja, muuguzi, wodi ya watoto,
na juzi nimenunua begi la shule.
Binti yangu kacheka mpaka akakaa chini:
"Na chupa ya maji je, mama, tukununulie?"

Fomu ya maombi ina kurasa kumi na moja.
Shahada ya Uzamili, Tiba Asili na Tiba Mbadala.
Penye Mfadhili nikaandika: Mimi mwenyewe.
Penye Sababu ya kuomba, mkono ukagoma.

Ningeandikaje?
Kwamba saa tisa usiku, masika yale,
mama wa kitanda cha nane alificha kikopo chini ya kanga,
kikopo cha mafuta ya mgando, na ndani si mafuta,
ni majani yaliyotwangwa,
na kila nilipopita alijikohoza, kana kwamba kikohozi hufunika harufu?
Nikamwambia, tupa. Akatupa.
Mtoto alipona, kwa dawa zetu, sina shaka.
Ila harufu ile ilinifuata hadi Buguruni,
ikavuta kiti, ikaketi mezani.
Yule mama alikuwa na neno.
Nililitupa na kikopo chake.

Nikaandika: Kupanua wigo wa taaluma.
Wakanipokea.

Sasa nakandamiza majani ndani ya magazeti ya zamani.
La kwanza limekaukia juu ya Simba na Yanga, sare tasa.
Kila jani na kadi yake: jina la Kilatini, jina la Kizaramo,
mahali, tarehe, chanzo cha maarifa.

Chanzo changu yuko Tandika, nyuma ya wauza mitumba,
mizizi kaifunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli.
Nilimsomea fomu ya ridhaa, kurasa tatu.
Alisikiliza kama mtu anayesomewa mkopo.
"Na hii sahihi ya nini?"
Kwamba umekubali kwa hiari.
"Mwanangu, mimi nilikubali uliponiamkia."

Kadi ikarudi na wino mwekundu.
Daktari Rwegoshora, msimamizi wangu, mtu wa haraka,
kalipigia mstari neno la kwanza tu:
*Sikujua* si jibu la mwanafunzi wa uzamili.
Ni jina, daktari, nikamwambia. Sikujua binti Pazi.
Mama yake alidhani ni uvimbe,
akashtukia teke.
Rwegoshora alivua miwani, akaifuta,
na hakukuwa na vumbi.

Maabara, wiki sita.
Nilichemsha, nikachuja, nikakausha unga wa kahawia
mwepesi kuliko pumzi yangu,
nikaudondosha kwenye visahani vya vimelea.
Vimelea vikastawi kama mchicha wa bonde la Msimbazi.
Nikarudia. Vikastawi tena.

Nilikwenda Tandika na uso wa msiba.
Nilimweleza taratibu, kama tunavyowaeleza wazazi:
Bibi, dawa yako haiui chochote.
Akaendelea kufunga mizizi.
"Nani kakwambia inaua?"
Ulisema ya homa.
"Nilisema inapoza. Usiku mrefu, gari hakuna,
mtoto anawaka, mama mtu anataka kuchanganyikiwa.
Unampaka. Mtoto anasinzia kidogo,
mama mtu anapata akili.
Kukicha wanakuja huko kwenu."

Huko kwenu.
Kitanda cha nane kilikuwa changu.
Yule mama alishafika, na mimi
nilimvua viatu alivyojia.

"Ile mizizi ya mwezi jana," akasema, "elfu mbili, hujanilipa."
Nikalipa. Risiti hana,
na mhasibu wa chuo ataniuliza.

Jana nimerudi kwa Rwegoshora, swali la utafiti limekatwa
kwa kalamu yangu mwenyewe, mistari miwili.
Miezi minane, akasema. Miezi minane ulikuwa unauliza nini?
Sikujua, nikasema.
Akainua kalamu, akangoja jina la baba.
Halikuja.